Paa Lililohamia kwa Hezekiah

Upepo uliopita kule juu Olenguruone siku ile haukuwa na adabu hata kidogo. Haukungoja usiku kama mwizi mwenye haya. Ulikuja mchana kweupe, watu wametoka tu kula, ukapanda kutoka upande wa bondeni ukivuta mvua ya mawe nyuma yake, ukafanya ulichotaka, ukaenda zake. Haukuua mtu, na kwa hilo Mungu ashukuriwe, ingawa uliua kuku wengi na heshima za watu kadhaa.

Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa njiani kikitafuta mali. Tangi la maji la shule lilikutwa katikati ya shamba la viazi, limetulia kana kwamba lilipandwa hapo. Sidiria ya mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ilikuwa inaning'inia kwenye waya wa stima, na kila mwanamume aliyepita chini yake aligundua ghafla kwamba ana haja ya kutazama hali ya mawingu. Mzee mmoja alikuta uani kwake sufuria yenye ugali ndani. Ulikuwa ugali mbichi, wa kutia aibu, na mpaka leo hakuna mke wa mtu aliyejitokeza kusema ni wake.

Katika pilikapilika zote hizo mtu mmoja tu hakuwa amepoteza kitu, naye ni Hezekiah. Si kwamba alikuwa na bahati kuliko wenzake. Upepo hauwezi kumwezua mtu ambaye hajaezeka.

Tuseme ukweli kuhusu Hezekiah, maana majirani zake hawakuwahi kuuficha. Alikuwa mvivu. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, hakuwahi kuinua mkono kwa mkewe, na kwenye matanga hakuna aliyejua kuongea kumshinda. Lakini mpe jembe uone mgongo unavyoanza kumuuma kabla jembe halijagusa udongo. Miaka sita nyuma alianza nyumba ya mawe ya vyumba vinne, akafika kwenye linta, akapumzika. Bado alikuwa amepumzika. Ndani ya zile kuta magugu yalifika kifuani, na mbuzi wa jirani alikuwa amezoea kuzalia katika chumba cha wageni. Hezekiah na mkewe Jepkemboi waliishi kwenye kibanda cha jikoni, chenye paa la nyasi lililozibwazibwa kwa karatasi za nailoni. Ukimuuliza ataezeka lini, alikujibu kwa upole, "Mungu akipenda." Alilisema neno hilo mara nyingi hata watu wakaanza kumwonea Mungu huruma, maana lawama zote za nyumba ile zilikuwa zimemwangukia yeye.

Jepkemboi alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Mwaka jana, mvua ndefu ilipochacha, alifunga nguo zake, akamwita Mzee Kiptum awe shahidi. Mzee Kiptum ndiye mwenyekiti wa kokwet, kile kikao cha majirani kinachoamua mambo ya kijiji. Mbele yake Jepkemboi akamwambia mumewe, "Nitarudi siku nitaona bati juu ya hii nyumba." Kisha akaenda Salgaa kwa dada yake, mwenye hoteli ya kulisha madereva wa malori. Habari zilizopanda kutoka huko zilikuwa mbaya kwa Hezekiah. Jepkemboi, Mama Emmy kama alivyoitwa kwa jina la mtoto wao, alikuwa amenenepa, anacheka, na chapati zake zinaulizwa na madereva mpaka Malaba.

Hezekiah aliumia, na tusimcheke kwa hilo. Jioni alipika uji kwa sababu ndio uliokuwa rahisi, akauita chakula. Akikumbuka utani mzuri aligeuka kumwambia Jepkemboi, akakuta mbuzi wa jirani anamwangalia. Alimtaka mkewe arudi kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani, ukiacha kupumzika.

Siku ya upepo alikuwa chini ya kitanda. Alisikia mngurumo unakuja, akajua Bwana amerudi, akaanza kutubu haraka haraka, akitanguliza dhambi ndogo ndogo ili aone kwanza zitapokelewaje. Alikuwa hajafika kwenye zile za katikati, kikasikika kishindo uani, ardhi ikatikisika, halafu kimya. Akatoka akitambaa. Kibanda kilikuwa kizima. Na nyumba yake ya mawe ilikuwa na paa.

Alifumba macho, akayafumbua. Paa lilikuwepo. Lilikuwa paa zima, jekundu, pamoja na kenchi zake na mbao zake, limekaa juu ya kuta zake limeinama kidogo upande mmoja, namna mtu anavyovaa kofia akitoka harusini. Juu yake palikuwa na msalaba.

Lilikuwa paa la kanisa la Mchungaji Kibii, lililokuwa juu ya mteremko, na ambalo sasa lilibaki kuta na viti. Kwamba lilitoshea haukuwa muujiza mkubwa ukimjua fundi Sitati. Sitati alikuwa na ramani moja tu kichwani na kamba moja ya kupimia, na kila alichojenga katika kata ile, kiwe kanisa, kiwe nyumba, kiwe kinu cha posho, kilikuwa na urefu uleule na upana uleule. Watu walizoea kumcheka kwa jambo hilo.

Hezekiah alikaa juu ya gogo akalitazama paa lake, akajihisi mtu aliyefanya kazi ngumu. Kisha akapiga picha, akamtumia Jepkemboi. Jibu halikuja, kwa hiyo akapiga simu.

"Umeona bati?"

"Nimeona. Nani ameweka?"

"Mungu."

 Jepkemboi akasema atakuja Jumamosi aone kwa macho yake.

Kazi ya Hezekiah, basi, ilikuwa moja tu: paa likae pale lilipo mpaka Jumamosi. Kwa kazi za aina hiyo, za kuacha kitu kilivyo, hakuwa na mpinzani. Lakini siku hiyohiyo Mchungaji Kibii alishuka mteremko na mashemasi wawili na kamba. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti iliyozoea spika, na hata salamu zake zilisikika ng'ambo ya mto. Hezekiah akampokea vizuri, akampa kigoda. Mchungaji akasema amekuja kuchukua paa la Bwana. Hezekiah akamuuliza, kwa unyenyekevu kabisa, ule upepo ulikuwa wa nani. Mchungaji alikuwa amehubiri juu ya jambo hilo mara nyingi mno asiweze kujinasua, akasema upepo ni wa Bwana.

"Basi pastor," Hezekiah akasema, "Bwana ametoa paa yake mahali moja, akaweka mahali ingine. Mimi na wewe tunaingiliaje?"

Mashemasi wakatazama viatu vyao wasije wakacheka. Mchungaji akasema maneno makali kuhusu watu wanaomfanyia Roho dhihaka, akakunja kamba yake, akasema wataonana kwa wazee.

Kokwet ikakutana Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa kituo cha maziwa, maana ukumbi wa chifu ulikuwa umelala chali. Watu wakakaa juu ya mikebe ya maziwa iliyopinduliwa. Jepkemboi alifika maombi ya kufungua yakiisha, akashuka kwenye pikipiki ya Maxwel, kijana wa bodaboda, amevaa sweta jipya, akaenda kukaa na wanawake. Hezekiah alipomwona moyo ulimruka. Alikuwa amenenepa kweli, na unene ulimkaa. Kila neno alilosema Hezekiah baada ya hapo alikuwa anamwambia yeye, hata kama uso wake ulielekea kwa wazee.

Mchungaji Kibii ndiye aliyeanza. Alisema jambo lenyewe ni rahisi na kila mfugaji analijua. Ng'ombe wa jirani akivunja ua usiku akaingia bomani mwako, je, unaamka asubuhi unamkamua, unasema Mungu amekubariki? Unamrudisha kwa mwenyewe. Ukikaa naye, wewe ni mwizi, na babu zetu walijua la kumfanya mwizi wa ng'ombe. Wazee wakaitikia kwa nguvu, hasa wale ambao babu zao walikuwa wezi wa ng'ombe mashuhuri.

Mambo yalianza kumwendea Hezekiah vibaya. Akasimama polepole, kama alivyofanya kila kitu. Marehemu baba yake alikuwa mrina asali wa msitu wa Mau, na Hezekiah alirithi kwake mizinga yote bila ile bidii ya kupanda kuikagua.

"Wazee wangu," akasema, "mimi sina neno na ng'ombe. Mimi nauliza nyuki."

Akawauliza hivi. Mtu anatundika mzinga msituni, mtupu, anangoja. Nyuki wa mwenziwe wanaamka siku moja, wanahama, wanaruka, wanaingia kwake. Ni nani katika kikao hiki amewahi kwenda kwa jirani kudai nyuki? Ni nani amewahi kudaiwa? Pakatokea kukohoa kwingi. Nusu ya wazee wale walikuwa wamekula asali ya nyuki waliowahama wenzao, na nusu nyingine ndio waliohamwa. Sheria ya nyuki ilikuwa ya zamani kuliko kanisa na kuliko chifu, na hakuna aliyewahi kuipinga: nyuki ni wa mwenye mzinga walioingia.

"Nilijenga kuta, nikangoja," Hezekiah akaendelea. "Watu wakaniita mvivu. Lakini ni nani huita mtu mvivu kwa sababu ametundika mzinga na anangoja nyuki?"

Hata waliomjua tangu utotoni walijikuta wakijiuliza kama labda walimdhulumu. Mchungaji Kibii akaona hatari, akasimama kusema kwamba bati haliwezi kuwa nyuki, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kikao kizima kikaacha habari ya nani ni mwizi kikaingia kwenye hiyo. Paa ni nyuki, au paa ni ng'ombe? Upande wa ng'ombe ukasema ng'ombe ana alama ya mwenyewe na nyuki hana, na hili paa lina msalaba. Hezekiah akauliza tangu lini msalaba ukawa alama ya Kibii peke yake, ama yeye Hezekiah alibatizwa kwa maji ya kuoshea vyombo. Upande wa nyuki ukasema nyuki huuma, na hili paa limeshaanza kuuma watu. Mwalimu mmoja mstaafu akapendekeza iundwe kamati, akaombwa akae chini.

Jua lilikuwa limefika utosini aliposimama ajuza mmoja kutoka upande wa wanawake na kuuliza kama kuna mtu hapa ambaye ng'ombe wake anaruka. Watu wakacheka mpaka mkebe mmoja ukaanguka. Mzee Kiptum, ambaye njaa ilikuwa imeanza kumsumbua, akaona hapo ndipo pa kufungia.

"Kitu inatembea ikaingia kwako, unarudisha," akasema. "Kitu inaruka ikaingia kwako, ni yako. Hii paa iliruka. Ni nyuki. Ni ya Hezekiah."

Makofi yakapigwa. Mchungaji Kibii akaondoka bila kungoja maombi ya kufunga, simu sikioni, akiwapigia watu wa mjini kuwaeleza mateso yake. Hezekiah alipewa mikono na watu ambao hawakuwa wamempa mkono tangu harusi yake. Kupata si kwa werevu, wahenga walisema, lakini siku ile Hezekiah aliamini kwake ni kwa werevu. Akamwongoza mkewe nyumbani kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kumwona nao.

Jepkemboi aliingia ndani ya nyumba, akapita chumba baada ya chumba akitazama juu. Hezekiah alimfuata nyuma kama dalali. Hiki kitakuwa chao. Kile cha Emmy, akija kutoka chuoni. Mvua ya jana haikuingiza hata tone, aguse mwenyewe ukuta aone. Jepkemboi akaugusa, akasema ni mkavu, akatoka nje akakaa juu ya gogo.

"Baba Emmy," akasema, "wewe ulipiga misumari ngapi hapa?"

Hezekiah akacheka kidogo. Mkewe hakucheka.

"Nilisema bati kwa sababu Mzee Kiptum alikuwa amesimama hapo, na niliona aibu kusema ile kitu ilinitoa. Si mvua. Mvua inanyeshea kila mtu. Unakumbuka ule usiku wa mwisho, maji ikaingia mpaka kwa kitanda? Nikachukua jembe nikatoka nje kuchimba mtaro. Nikageuka, nikakuona umesimama kwa mlango na tochi. Ulikuwa unanimulikia." Akakitazama kile kibanda. "Nikajua hivyo ndivyo nitazeeka. Mimi nachimba, wewe unanimulikia."

Hezekiah akasema, kwa sauti ndogo, kwamba sasa maji hayawezi kuingia tena.

"Na hii ikienda na upepo mwingine? Tutakaa tungoje ya Katoliki?"

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtia Hezekiah hofu. Mkewe angekuwa na hasira, Hezekiah angejua pa kumshika, maana hasira za Jepkemboi alizijua na alikuwa na maneno ya kila aina yake. Alisimama tu akakung'uta sketi, akampongeza kwa ushindi, akasema ameongea vizuri sana kama kawaida yake. Barabara ya Olenguruone ilikuwa bado inakatwa miti iliyoanguka, na Maxwel alikuwa amesema atamfuata jioni. Angemngojea kwa Tabby, jirani wa ng'ambo ya njia. Akaenda.

Hezekiah alibaki uani. Kwanza alikasirika. Kesi ameshinda, bati lipo, na neno la mwanamke lilikuwa bati, mbele ya shahidi. Halafu akatazama juu, na kwa mara ya kwanza akaliona lile paa ni la mtu mwingine. Akakumbuka tochi. Usiku ule alidhani anasaidia. Alikuwa hata amejisifu moyoni kwamba waume wengine wangekuwa wamelala. Aibu ikamshika, si ile ya kusemwa na watu, ambayo alishaizoea, bali ya kujiona mwenyewe, na hiyo hakuwa na utani wa kuifukuzia.

Akaenda kwa Sitati kuazima ngazi na nyundo. Sitati akamuuliza mara mbili kama ni yeye anayeazima au ametumwa. Hezekiah akaegemeza ngazi kwenye nyumba yake, akapanda polepole, maana hakuwahi kufika juu ya kuta zake mwenyewe tangu zijengwe. Akaanza kung'oa mabati.

Habari hizo zilienea upesi kuliko za upepo. Watu wakaja, wakajipanga kando ya ua, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa kutazama. Mzee Kiptum alifika angali anatafuna. Alikuwa amewaona wengi wakishindwa kwenye kokwet na kukata rufani, akasema, lakini aliyeshinda akakata rufani hajapata kumwona. Akamwamuru ashuke, nyuki ni wake. Hezekiah akajibu kutoka juu kwamba anawarudisha kwa mwenyewe. Hakuwa na pumzi ya kuongeza neno, na hilo pia watu walilitazama kwa mshangao.

Alifanya kazi alasiri nzima. Viganja vyake vilivyokuwa laini kama vya karani vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, akaendelea. Alipolishusha bati la mwisho jua lilikuwa limeanza kuinama, na juu ya kuta zilibaki kenchi tupu. Akaung'oa msalaba akautia kwapani, akajitwika mabati aliyoweza kubeba kwa safari ya kwanza, akaupanda mteremko.

Mchungaji Kibii alikuwa anafagia kanisa lake lisilo na paa. Hezekiah alitegemea kukumbatiwa, au angalau kusamehewa kwa sauti kubwa. Lakini Mchungaji alipoyaona mabati uso ulimbadilika.

"Weka chini," akasema. "Hapana, ngoja. Usiweke."

Akamvuta nyuma ya ukuta, akamweleza kwa sauti ya chini, ambayo Hezekiah hakujua kama anayo. Kule Nakuru kulikuwa na Jaydeep, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mtu wa dini nyingine lakini mwenye moyo mwema. Alikuwa ameona picha za kanisa, zikamgusa sana. Kesho baada ya ibada angekuja mwenyewe na lori la mabati mapya, ya kijani. Alikuwa amesema anataka kusimama katikati ya kanisa atazame juu aone mbingu. Sasa atasimamaje aone mbingu, na hapo kando pana rundo la mabati mazima ya kanisa lilelile?

"Lakini ni yenu, pastor. Mimi nilikosa."

"Kokwet ilisema ni nyuki," Mchungaji akasema, na unyenyekevu wake ulikuwa mkubwa mno. "Mimi ni nani nipinge wazee?"

Hezekiah akamkumbusha kwamba asubuhi ilikuwa ng'ombe. Mchungaji akasema Roho humfunulia mtu mambo kidogo kidogo. Kisha akauchukua msalaba, akautazama, akasema huo utapendeza ukiegemezwa kwenye madhabahu iliyovunjika. Akamsaidia Hezekiah kujitwika mabati tena kwa mikono yake mwenyewe, akamwomba apite njia ya nyuma.

Hezekiah akateremka na mzigo wake. Alikuwa amelipata paa lilelile mara mbili kwa siku moja, kwa sheria na kwa hisani, na nyumba yake ilikuwa wazi. Ungemwona pale uani ungemhurumia. Mgongo ulimuuma kweli sasa, si kwa maneno, na alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kulala na kuanza siku nyingine. Kila mtu angemwelewa. Lakini hakutaka kueleweka na kila mtu. Ng'ambo ya njia, kwenye lango la Tabby, palikuwa na sweta jipya.

Akachukua bati moja, akapanda nalo. Kenchi za upande wa chini zilikuwa zimekaa upogo na zingemngoja Sitati, lakini upande wa juu ulikuwa sawa, akalilaza bati hapo. Ndipo alipogundua kwamba misumari yote aliyoing'oa ilikuwa imekunjika. Akaunyoosha mmoja kwa kuugonga juu ya ukuta, akaupiga, ukakunjika tena. Akaupiga mwingine, akapiga kidole gumba, akatamka neno ambalo ni heri msalaba ulikuwa umeshaondoka. Baadhi ya watazamaji walianza kurudi makwao kukamua. Alipolimaliza bati lile lilikuwa limeshikwa na misumari minne, kila mmoja ukielekea kwake, lakini alipolitikisa halikutoka. Akashuka kuchukua la pili.

Maxwel alifika akapiga honi kwenye lango la Tabby.

"Mathe, twende? Giza itatupata njiani."

Jepkemboi alitoka na mkoba begani. Hakupanda pikipiki. Alivuka njia, akaingia uani, akasimama chini ya ukuta akatazama juu. Hezekiah alimwona. Alitafuta kitu kizuri cha kumwambia, yeye aliyewahi kuwaliza watu wa kata nzima kwenye matanga, akakuta hana neno hata moja. Akachukua msumari mwingine.

"Hiyo imepinda," Jepkemboi akasema.

"Zote zimepinda."

Jepkemboi akamgeukia Maxwel, akamwambia akimbie Olenguruone mjini kabla maduka hayajafungwa, alete misumari ya bati, mipya, na asikubali kupewa ile yenye kutu. Maxwel akauliza kama akirudi ndio wataenda.

"Wewe lete kwanza. Nione kama atamaliza huu upande."

Pikipiki ikaondoka. Manyunyu yalikuwa yameanza. Juu ya ukuta nyundo ikaendelea kugonga, mara kwenye msumari, mara pembeni. Jepkemboi akautoa mkoba begani, akaingia ndani ya nyumba, akauweka chini ya lile bati moja.